Anayezikwa wa Mwisho Kilcarna

Mume wangu, Festus Mannion, hakuwahi kuchota maji. Sisemi hivi kumsengenya marehemu, majirani wote wanajua. Miaka thelathini na nne tuliishi juu ya kilima cha Kilcarna, kisima kiko chini kabisa, na ndoo nilibeba mimi. Nikiwa mjamzito nilibeba mimi. Mwaka niliovunjika mkono wa kulia nilibeba kwa wa kushoto. Yeye alikuwa na ng'ombe wake na baa yake. Ndiyo maana, yalipotokea yale ya siku ya maziko yake, wapo waliocheka, na mimi mwenyewe nilicheka kidogo kabla ya kulia.

Kwetu mtu akizikwa hapumziki papo hapo. Anashika zamu. Anasimama kwenye lango la uwanja wa kanisa akilinda makaburi, na anawachotea maji walioko toharani, ambao kiu yao usiombe. Anafanya hivyo mpaka azikwe mwingine. Huyo mpya anapokea ndoo, na yule wa kwanza anakwenda zake kwa Mungu. Zamu inaweza kuwa wiki moja, inaweza kuwa miezi mitatu. Mama yangu alikuwa akisema kwamba wakati wa mafua makubwa walikuwepo walioshika asubuhi tu, mchana wakapokelewa. Hakuna aliyeiogopa zamu, kwa sababu kila mara alikuwepo wa kufa baada yako.

Kilichotuharibia ni msalaba. Unasimama katikati ya makaburi, jiwe tupu, urefu wa watu wawili na nusu, na umekuwepo hapo miaka elfu moja. Upande mmoja amechongwa Danieli na simba wake, ila mvua imekwisha kumla uso na sasa simba ndio wanaojulikana zaidi kuliko yeye. Kila mtu wa parokia alitaka kulala karibu nao. Tulichimba kaburi juu ya kaburi, kizazi juu ya kizazi, hadi ardhi chini yake ikawa laini kama mkate uliotiwa kwenye maziwa. Basi wakaja watu wa serikali ya kaunti na kamba na vipimo, wakasema msalaba unainama kuelekea mtoni, na makaburi machache tu tena yatauangusha. Likatoka tangazo: kuanzia tarehe mosi Novemba, mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja, hakuna kaburi jipya Kilcarna. Wafu waende kwenye makaburi mapya kando ya barabara kuu, kule kwenye njia za zege. Atakayeruhusiwa ni mjane tu ambaye kaburi la mwenzake limechimbwa la watu wawili, na sharti awe anaishi ndani ya parokia mpaka siku ya kufa kwake. Akihama, nafasi imekwenda.

Wiki ya mwisho ya Oktoba wakafa wanaume wawili. Malachy Gilmore alikufa Jumatano kwa kifua. Festus alikufa Alhamisi kwa moyo, akiwa amenishika mkono wa sweta. Padre Keady akasema Jumapili hazikwi mtu, na Jumatatu ndiyo tarehe mosi, kwa hiyo wote wawili Jumamosi, Misa moja.

Kanisani hakuna aliyesikiliza Misa. Kila mtu alikuwa anapiga hesabu. Majeneza mawili mbele ya altare, na litakaloingia ardhini la pili, mwenye hilo angeshika zamu, na nyuma yake hakuna mtu. Nilimwangalia Sabina, mjane wa Malachy, upande wa pili wa kanisa. Aliniangalia na yeye. Tulikuwa tumesoma darasa moja, na tangu darasa la tatu hatupatani.

Tulitoka pamoja, jeneza kwa jeneza. Sasa, desturi ya Kilcarna ni kwamba maiti huzungushwa msalaba mara tatu, kwa kufuata jua, ndipo anapelekwa kaburini. Colman, binamu yake Festus, alikuwa amebeba mbele. Aligeuza kichwa, jeneza likiwa begani.

"Shemeji, tupite moja kwa moja."

"Tupite wapi?"

"Kaburini. Wale wanakimbia."

"Hawakimbii. Wana msiba kama sisi."

"Shemeji, mimi nina macho."

Na mimi nilikuwa na macho. Niliona ndugu zake Malachy wanaongeza hatua. Lakini niliona pia parokia nzima imesimama pembeni ya ukuta ikinitazama, na nikawaza watasema Delia Mannion alimtupa mumewe shimoni bila kuzungushwa. Kiburi, basi. Sina jina jingine la kukipa.

"Baba yake alizungushwa mara tatu," nikamwambia Colman, "na babu yake mara tatu. Festus si mbwa. Zungukeni."

Wakazunguka. Rozari ikaanza. Tulimaliza mzunguko wa kwanza vizuri. Wa pili, tulipofika upande wa simba, nilisikia udongo unagonga ubao. Si wetu. Kina Gilmore hawakuzunguka hata mara moja, walikata kati ya makaburi wakaenda mpaka shimoni, na Sabina ndiye aliyetupa konzi ya kwanza. Colman alisimama. Wote wanne wakasimama, jeneza limewalemea, wakinisubiri mimi.

"Endeleeni," nikasema. "Bado mmoja."

Ningesema nini kingine?

Ndivyo Festus alivyokuwa wa mwisho. Malachy alishika zamu dakika kumi na mbili. Festus alipokea ndoo kwake, mtu asiyejua kisima cha nyumbani kwake kina kamba ya urefu gani, na hakuna aliyekuja kumpokea.

Mwaka wa kwanza nilijiambia ni mambo ya wazee. Mwaka wa pili binti yangu Dympna, anayeishi Perth, Australia, aliniandikia kwamba amejifungua pacha, ana chumba cha akiba, na mumewe mwenyewe ndiye anayeniita. Nilisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kisha nikachukua koti nikaenda kwa Padre Keady.

"Padre, nataka kujua jambo moja. Festus yuko wapi?"

"Yuko mikononi mwa Mungu, Delia."

"Si langoni?"

Akatabasamu. "Hayo si mafundisho ya Kanisa."

"Vizuri. Niandikie basi."

"Nikuandikie nini?"

"Kwamba Festus Mannion hayuko langoni. Weka sahihi yako na muhuri wa parokia, nami kesho nakata tiketi."

Alicheka, halafu akaona sicheki. Alishika kalamu, akaiangalia, akairudisha mahali pake. Mama yake mwenyewe amezikwa Kilcarna, na nilikuwepo siku hiyo. Yalikuwepo maziko mawili, naye alimhimiza mchimba kaburi kuliko mtu yeyote, mama yake atangulie.

Nilirudi kwake mwaka huo huo. Tom Fahy, jirani yetu, alikuwa amekatwa mguu kwa kidonda, na mguu wenyewe ulikuwa bado hospitali. Nilimwuliza Padre kama mguu unahesabika. Kaburi jipya hapana, nilisema, shimo dogo tu, hata msalaba hautajua.

"Delia," akasema, "nenda nyumbani."

"Je, mguu mmoja hauwezi hata kusimama langoni wiki moja?"

"Nenda nyumbani, mama."

Ikabaki Sabina. Makaburi ya watu wawili yenye mtu mmoja yalikuwa mawili tu, la kwake na la kwangu. Nilianza kumwangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe wa mnadani. Akikohoa kanisani, nageuka. Akinenepa, roho inaniuma. Naye alijua, maana si mjinga, na Jumapili moja alinikamata chini ya msalaba, watu bado wanatoka Misani.

"Unanipima jeneza, Delia?"

"Nakujulia hali."

"Hali njema. Nakula viazi vitano na maziwa mtindi. Na ili usijisumbue, nimeshawaambia wanangu wanizike kule barabarani."

"Na Malachy utamwacha peke yake?"

"Malachy hayuko hapa. Alimaliza zamu yake kwa dakika kumi, ananisubiri mbinguni."

"Dakika kumi na mbili."

"Kumbe ulikuwa na saa," akasema. "Ungeitumia kuharakisha watu wako."

Alivaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, akaondoka. Nilibaki nimeshika jiwe, na ndipo nilipoielewa hali yangu vizuri. Wa kumtoa Festus nilikuwa mimi tu. Nami ningemtoa kwa njia moja, kwa kufa nikiwa Kilcarna na kuchukua ndoo mkononi mwake. Na baada yangu, nani? Hakuna. Ningechota mpaka Siku ya Mwisho. Nilikuwa nimemchotea mtu yule maji maisha yake yote, na sasa niwachotee na wenzake milele, kwa sababu nilitaka watu wamwone anazungushwa vizuri.

Mtu ataniuliza kwa nini nisimwache tu. Hata Dympna aliniuliza, kwa hasira, kwamba baba yake hakuwa akinijali hivyo. Ni kweli, hakuwa. Lakini Festus aliogopa kukaa peke yake. Hilo wenzake wa baa hawakulijua, nililijua mimi. Nikienda kwa dada yangu siku mbili, alikwenda kulala kwa Colman na kusingizia paa linavuja. Siku anakufa hakusema neno la mapenzi wala la kuomba radhi. Alishika sweta yangu hapa kwenye kiwiko akasema, "Usitoke." Basi nilipopita langoni nikienda Misa, nilimwona kichwani mwangu amesimama pale na mvua ya pembeni, watu wanapita, hakuna anayemwambia habari ya asubuhi. Nilimsalimia mimi. Mara nyingine nilimgombeza. Nikirudi nyumbani nafunga mlango, nakaa mezani na koti bado mwilini, na barua ya Perth mbele yangu, na sikuweza kwenda wala kukaa. Nilimchukia. Namaanisha hivyo. Nilimchukia na sikuweza kumwacha, na miaka mitano ikaenda hivyo.

Februari ya mwaka wa sabini na saba Sabina aliacha kuja kanisani. Mapafu, walisema. Wiki tatu baadaye mwanawe mkubwa alisimamisha trekta mlangoni kwangu akasema mama yake ananiita.

Nilioka mkate wa magadi, nikaufunga kwenye taulo, nikaenda. Alikuwa kitandani jikoni, karibu na jiko, amekuwa mdogo kiasi kwamba blanketi ilionekana haina mtu. Aliutazama mkate.

"Umeweka zabibu?"

"Nimeweka."

"Basi keti. Sina nguvu ya kugombana leo."

Niliketi. Alivuta pumzi mara kadhaa, kisha akasema, "Nimewaambia watoto wanizike na Malachy."

"Ulisema barabarani."

"Nimebadili. Mtu haruhusiwi kubadili?"

Nilifurahi. Mwanamke anakufa mbele yangu, na mimi moyo wangu uliruka kama wa msichana wa dansini. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu aliliona.

"Ndiyo," akasema. "Nitamtoa mzee wako."

"Lakini wewe ndiye utakuwa wa mwisho."

"Najua kuhesabu, Delia. Nilikupita kwa hesabu shuleni, unakumbuka."

"Ulinipita kwa maandishi. Hesabu nilikupita mimi."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Mifupa yake ilihesabika mkononi. Alipopata sauti tena hakuniangalia.

"Niliwaona mkizunguka. Mwanzo hata wale shemeji zangu walitaka kuzunguka. Mimi ndiye niliyewaambia, waacheni kina Mannion wazunguke, nyie piteni hapa. Nilijua siku ilikuwa ya mwisho. Nilijua Festus hatapata mtu."

"Nilijua kuwa unajua."

"Kifua cha Malachy kilikuwa kimekwisha. Miaka miwili hakuweza kubeba hata kikombe chake cha chai, nilimshikia mimi. Nikawaza, ndoo ataibebaje? Sikuwaza jambo jingine. Halafu kila nikipita lile lango nakuona umesimama unaongea na hewa."

Nilikata mkate, nikaulowesha kwenye chai, nikamlisha kidogo.

"Sasa nenda kwa Dympna," akasema. "Ana pacha, sivyo? Nenda ukawaone kabla hawajaota ndevu. Hapa hudaiwi kitu."

"Sabina, ni mpaka Siku ya Mwisho."

"Mikono yangu ni mizima. Kilichooza ni mapafu." Alifunga macho. "Na usinishukuru. Ukinishukuru nitaghairi tena."

Sikumshukuru. Alikufa siku ya nane, tukamzika Ijumaa. Wanawe walimzungusha msalaba mara tatu, polepole, na safari hii hapakuwa na wa kushindana naye. Nilitembea nyuma ya jeneza mizunguko yote mitatu nikisali. Mtu wa kaunti alisimama kando na kipimo chake akiangalia jiwe. Udongo ulipogonga ubao, Colman alinisogelea akaninong'oneza.

"Umefunguliwa, shemeji."

Nami niliamini hivyo. Siku tisa nzima niliamini. Niliwagawa kuku. Nilimwuzia Colman ng'ombe wawili waliobaki. Nilifungua sanduku juu ya kitanda, nikatia nguo za joto, nikazitoa, maana Dympna alisema Perth ni jua tupu. Nilipita langoni mara mbili bila kusimama, na nikajisifu kwa hilo.

Siku ya kumi nikaenda kwa Padre Keady, kwa kuwa kaunti walitaka anayehama aandike kwa mkono wake kwamba ameachia nafasi, ili uwanja ufungwe kabisa. Padre alikuwa mchangamfu. Alinitilia chai, akaleta kitabu cha maziko, akakifungua ukurasa wa mwisho na kunigeuzia.

"Hapa chini tu, Delia. Andika kwamba unaondoka, weka jina. Kisha tunapiga mstari na historia ya Kilcarna imekwisha."

Jina la mwisho lilikuwa Sabina Gilmore, miaka sitini na mbili, wino bado mweusi. Chini yake karatasi ilikuwa tupu. Nilishika kalamu. Nilimwona darasa la tatu, ananizuia mlangoni nisitoke kabla yake. Nilimwona akivaa glavu, kidole kimoja kimoja. Nikawaza watu wa Kilcarna wanapita lile lango wakienda Misa, mwaka baada ya mwaka, mpaka hakuna anayekumbuka alikuwa nani, na yeye anainua kichwa kila hatua ikisikika, kumbe ni mpita njia.

"Kuna tatizo?" Padre akauliza.

"Huyu mwanamke," nikasema, "ameniwahi tena."

Nilikuwa na hasira naye kuliko miaka mitano yote ile. Angekufa kama alivyoishi, akazikwa barabarani na ulimi wake, ningebaki namdai tu. Sasa alikuwa amenifanyia wema ambao sikuweza kuulipa kwa njia nyingine yoyote. Festus nilikaa kwa ajili yake kwa sababu nilimkosea. Huyu alikuwa amesimama pale kwa hiari yake, kwa ajili yangu. Nilifunga kitabu, nikarudisha kalamu. Padre alianza kusema neno juu ya mafundisho ya Kanisa, akaniangalia, akanywa chai yake.

Simu ya parokia nzima ilikuwa posta, ukutani, nyuma ya magunia ya chakula cha kuku. Nilimpigia Dympna kabla sijafika nyumbani, nisije nikalegea. Kule kwao ilikuwa jioni na nilisikia watoto wanapiga sufuria.

"Mama! Umeshakata tiketi?"

"Sijakata."

"Kuna nini tena? Baba ametoka. Umeniandikia mwenyewe kwamba ametoka."

"Baba yako ametoka, ndiyo. Anapumzika."

"Basi amebaki nani huko?"

"Sabina."

Laini ilivuma kama upepo kwenye waya. "Sabina Gilmore? Yule aliyetupita?"

"Huyo huyo."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Nilisikia anaweka kitu mezani, kisha anavuta kiti na kukaa.

"Na wewe, Mama?" akauliza. Alikuwa ameanza kulia. "Ukishamtoa yeye, wewe nani atakutoa?"

Nilimwambia hakuna, nikamwomba awalete wale watoto kwenye simu, mmoja mmoja, nisikie sauti zao.